Binti wa miaka minne na nusu bado anapanda kigari tukitoka: je, ninamlemaza?

Swali: "Dada, shikamoo. Nina watoto wawili, binti wa miaka 4 na miezi 7 na mdogo wake wa miezi 9. Jumapili tukitoka kwenda Coco au Mlimani City, mdogo namfunga mgongoni na mkubwa anapanda kigari, kwa sababu akitembea kidogo tu anasema amechoka na kuanza kulia. Mama mkwe alituona akasema, 'Mkubwa kwenye kigari, mdogo mgongoni, dunia imepinduka,' na kwamba ninamlemaza mtoto. Mwaka huu tunataka kwenda Sabasaba kutwa nzima. Je, kigari nikiache nyumbani? Siku za wiki binti anachukuliwa na gari la shule saa 12 kasorobo alfajiri na kurudi saa 9. Tunakaa ghorofa ya tatu. Kliniki walimpima kilo 17. Mama wa wawili, Tabata."

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na jibu lenyewe ili usome mengine ukiwa umetulia: kigari kichukue. Viwanja vya Mwalimu Nyerere pale Barabara ya Kilwa ni vikubwa, siku ya Sabasaba ni ndefu, na mtoto wa umri huo ana haki ya kuchoka. Lakini kuna mambo mawili kwenye barua yako yamenifanya nikuandikie kwa kirefu, na kigari si mojawapo. La kwanza ni hayo maneno "akitembea kidogo tu". La pili ni hilo gari la shule.

Kabla ya hayo, nigusie neno alilotumia mama mkwe. Sisi Waswahili tunasema mtoto "analemaa" tukimaanisha amedekezwa, amezoea kufanyiwa kila kitu. Ninafanya kazi ya fiziotherapia ya watoto, mwaka wa 21 huu, na watoto ninaowaona kila siku ni wale ambao neno hilo kwao lina maana yake ya kwanza. Miguu ya mtoto mzima wa afya hailemai kwa kupanda kigari Jumapili. Mifupa na misuli haifanyi kazi hivyo. Inachojali ni jumla ya mwendo wa siku nzima, wiki nzima, mwezi mzima. Mtoto anayekimbia na kuruka siku sita haharibiki siku ya saba akisukumwa kutoka maegesho hadi dukani. Na mtoto anayekaa siku sita hapati nguvu kwa sababu tu Jumapili aliburutwa mkono huku analia.

Sasa nirudi kwenye "akitembea kidogo tu". Kuna kisa kimoja kilichonifundisha kutolipita neno hilo. Aliletwa kwetu msichana aliyevunjika mkono, na mdogo wake, mvulana wa miaka mitano, akawa amefuatana nao tu. Alikaa sakafuni anachezea kizibo cha soda. Mama yao akamwita waondoke. Yule mtoto akageuka kifudifudi, akanyanyua makalio, akaweka viganja kwenye miguu yake, kisha juu ya magoti, kisha mapajani, akajipandisha kwa mikono hatua kwa hatua kama mtu anayepanda mnazi, ila mnazi wenyewe ni mwili wake. Mama akaniambia, "Huyu mvivu, hata kuinuka anavuta." Vigimbi vya miguu yake vilikuwa vinene kuliko vya dada yake. Nyumbani walikuwa wanamchapa kwa uvivu huo. Hakuwa mvivu. Misuli ya mapaja na nyonga ilikuwa inadhoofika kwa ugonjwa wa kurithi uitwao Duchenne, ambao huwapata wavulana zaidi. Mama alilia siku aliyoelezwa, na alichokililia hasa ni zile fimbo.

Sikutishi. Ugonjwa huo ni wa nadra na binti yako kwa uwezekano mkubwa hana. Nimekueleza ili ujue cha kutazama, maana mzazi anaweza kukiona nyumbani bila kifaa chochote. Mkalishe sakafuni miguu imenyooka mbele, kisha umwite haraka aje kuchukua kitu. Mtoto wa umri wake huinuka mara moja, pengine kwa kugusa sakafu kwa mkono mmoja. Mtazame anapopanda ngazi zenu za ghorofa ya tatu: je, anavuta mwili kwa kushika chuma kila ngazi, au anapanda huku anaongea? Mtazame kwa nyuma anapotembea peku: je, anachechemea, anatembea kwa vidole muda wote, anaburuta mguu mmoja?

Kingine ni damu. Hapa ndipo ningeanza kwako. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka 5 nchini wana upungufu wa damu. Malaria, minyoo na chakula chenye madini chuma kidogo vyote vinachangia. Mtoto mwenye damu pungufu haonekani mgonjwa. Anacheka, anakula, anakwenda shule, lakini pumzi zinamwishia mapema na anataka kubebwa. Kipimo cha wingi wa damu kinafanyika kituo chochote cha afya chenye maabara kwa tone la damu. Ukifika hapo uliza pia kuhusu dawa za minyoo, na kama hajawahi kupimwa selimundu (siko seli), apimwe. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na ugonjwa huo duniani, na mtoto mwenye selimundu akitembezwa juani bila maji hadi achoke kabisa, anaweza kuamka usiku na maumivu makali ya mifupa. Kwa mtoto wa namna hiyo, kigari ni sehemu ya tiba yake.

Ukiona anaumwa miguu yote miwili jioni baada ya kucheza sana, ukamkanda akalala, na asubuhi anaruka kama kawaida, hayo tunayaita maumivu ya ukuaji na hayana neno. Ila maumivu ya asubuhi, kiungo kuvimba, kuchechemea, homa, au midomo kugeuka rangi anapokimbia, hayo usiyaweke hadi wiki ijayo.

Tuseme umempima, damu iko vizuri, ngazi anapanda akiongea. Basi uchovu wake ni uchovu wa kweli wa mtoto, na watu wazima tunausahau. Mpime kwa hatua. Wewe ukipiga hatua moja, yeye anapiga karibu mbili. Kilomita moja kwako ni hatua elfu moja na mia kadhaa, kwake ni elfu mbili na zaidi. Na kwa kila kilo ya mwili wake, kutembea kunamla nguvu nyingi kuliko wewe, kwa sababu miguu mifupi inalazimika kubadilisha mwendo mara nyingi zaidi. Joto nalo linamwingia upesi kuliko wewe, na hatoki jasho la kutosha kujipooza kama mtu mzima. Ila Mungu kampa kitu ambacho sisi hatuna: anapona uchovu haraka. Mkalishe dakika kumi kivulini na maji, utamwona anakimbiza njiwa. Ndiyo maana watu husema "si ulisema umechoka?" na kudhani alidanganya. Hakudanganya. Alichoka, akapumzika, akapona.

Najua pia wapo watakaokwambia, "Mbona sisi tulitembea?" Tulitembea kweli. Mimi nimekulia Mbagala, na bibi yangu alikuwa anatutembeza kwa miguu hadi shambani tukiwa na umri wa binti yako. Lakini nakumbuka tulivyotembea. Tulisimama kila mwembe. Tuliokota maembe mabichi, tulichimba mchanga, bibi akaweka kapu chini akaongea na watu nusu saa. Hapakuwa na bodaboda inayopita pembeni ya njia ya watembea kwa miguu, wala mtaro wazi kila hatua kumi. Safari ilikwenda kwa mwendo wa mtoto. Leo tunamtaka mtoto atembee kwa mwendo wetu, barabarani mwetu, halafu tukimwona amekaa chini tunasema anadeka.

Kudeka kupo, sikatai. Nadhani na kwako kupo kidogo, na sababu nimeiona kwenye barua: mdogo wake ana miezi 9. Mgongo uliokuwa wake umepata mwenyewe mwingine. Mtoto wa miaka minne hana maneno ya kusema "nimekumiss hata ukiwa hapa", kwa hiyo anasema "miguu inauma". Ukitaka kujua ni kipi kati ya viwili, mtafutie dakika ishirini za kutembea na wewe peke yako, mdogo akiwa na baba yake, hata kama ni kwenda kununua sukari. Kama anatembea vizuri hizo dakika ishirini huku anaimba, basi miguu haina tatizo. Alikuhitaji wewe.

Sasa hilo la pili, gari la shule. Hapa naomba unisikilize, maana ndipo ninapoona tatizo la kweli, na ni la watoto wengi wa Dar, si la binti yako tu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa watoto wa chini ya miaka 5. Kwa miaka 3 na 4 unataka dakika 180 za mwili kuwa kwenye mwendo kwa siku, yaani saa tatu zilizogawanyika tangu asubuhi hadi jioni, na angalau dakika 60 kati ya hizo ziwe za nguvu: kukimbia, kuruka, kupanda, mpaka pumzi zipande. Mwongozo huohuo unasema mtoto asifungwe sehemu moja zaidi ya saa moja kwa mfululizo, na unataja kigari, unataja kiti, na unataja pia kubebwa mgongoni. Kwa hiyo hata yule wa miezi 9 kwenye mbeleko anahitaji kufunguliwa atambae. Mbeleko ni kitu kizuri sana, mimi mwenyewe nimelea nayo, lakini kutwa nzima ni nyingi.

Haya, tuhesabu siku ya binti yako kama ulivyoieleza. Saa 12 kasorobo anaingia kwenye gari. Tabata asubuhi unaijua. Pengine saa nzima amekaa. Darasani amekaa. Mapumziko ya uji, tumpe nusu saa, na katika hiyo nusu saa anakula kwanza. Saa 9 amerudi baada ya kukaa tena garini. Hukuniandikia anafanya nini jioni, ila ghorofa ya tatu, mtoto mchanga ndani, mama amechoka, naweza kukisia: katuni hadi kuoga. Ukijumlisha, sidhani dakika za mwendo zinafika 60, achilia mbali 180. Halafu Jumapili tunamshusha Coco na kushangaa kwa nini pumzi hazitoshi. Misuli hufundishwa, kama mtoto anavyofundishwa herufi. Hajafundishwa.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi, kigari cha Jumapili si cha kuondoa kwanza. Ondoa saa moja ya katuni ya Jumatatu. Saa 10 jioni jua limelegea, mshushe chini kwenye uwanja wa ghorofa na watoto wa majirani. Rede, kombolela, kamba. Rede hasa, kwa sababu ni kukwepa na kukimbia na kugeuka ghafla, ndiyo mazoezi ambayo kliniki tunajaribu kuyatengeneza kwa mipira ya gharama. Kama huwezi kushuka naye, ongea na jirani mpeane zamu. Ngazi apande na kushuka mwenyewe kila siku, asibebwe hata kama mna haraka. Amkeni dakika tano mapema. Dukani aende na wewe kwa miguu. Fanya hivyo mwezi mmoja tu kabla ya Sabasaba na utamwona mtoto mwingine.

Tuje kwenye siku yenyewe. Maonesho yanaanza mwishoni mwa Juni hadi katikati ya Julai, na bahati nzuri ni kipupwe, Dar inapumua. Bado jua la saa 6 ni jua. Fikeni asubuhi mapema kadiri mnavyoweza, na akifika getini aingie kwa miguu yake, kigari kikiwa kitupu au kimebeba maji na nepi za mdogo. Asubuhi ndiyo nguvu zake zipo na watu hawajajaa. Asimame anapotaka kusimama. Akitaka kutazama trekta dakika kumi na tano, mtazame trekta dakika kumi na tano. Usimpe kigari anapolia. Mpe kabla hajalia. Ukiona anaanza kujikwaa, anaegemea sketi yako, anauliza maswali yaleyale, mwambie, "Panda upumzike, tukifika pale kwenye mti unashuka." Umempa mwanzo na mwisho wa kupumzika. Watoto wanaopandishwa baada ya kilio hujifunza kulia. Wanaopandishwa kwa mpango hujifunza kwamba mwili unapumzishwa na kuendelea.

Mchana alale humo kama anataka. Ila tafadhali usifunike kigari kwa kanga. Nakiona kitu hiki kila mahali, mama ametandaza kanga au kitenge juu yote, anadhani anamkinga na jua. Hewa inakwama ndani, joto linapanda upesi, na wewe humwoni. Tafuta kivuli cha mti au banda, au tumia kofia ya kigari yenyewe huku pande ziko wazi.

Kwenye msongamano mkubwa kuna uzuri na ubaya. Uzuri, hapotei. Ubaya, uso wake uko usawa wa magoti ya watu na mikoba yao, na ukiwa barabarani uko usawa wa mabomba ya moshi wa magari. Kwa hiyo pita naye pembeni, na ukisubiri kuvuka Barabara ya Kilwa usimtangulize yeye mbele huku wewe uko nyuma salama. Simama kigari kikiwa pembeni yako. Namba yako ya simu iandike kwa kalamu ya wino mkononi mwake kwa ndani, iwe ana kigari au hana.

Kigari chenyewe sasa. Kilo 17 ni uzito wa kawaida kabisa kwa umri wake, ila vigari vingi, hasa vya zamani tunavyovipata mitumba, vimetengenezwa kwa mwisho wa kilo 15. Vipo vya kilo 22. Kigeuze utazame karatasi iliyobandikwa kwenye chuma au chini ya kiti. Kama ni cha 15, ujue kwamba breki na maungio yanabeba kuliko yalivyokusudiwa, na ningekuomba utafute kingine. Jaribu komeo la kukunjia kwa kulitikisa kwa nguvu. Likifunguka, kidole cha mtoto ndipo kinapobanwa. Mifuko usiitundike kwenye mpini. Mtoto akiteremka ghafla kigari kinaangukia nyuma pamoja na mizigo, na akiwa ndani kinaweza kuanguka naye. Mkanda afungwe, hata kama ni "mkubwa", kwa sababu mkubwa ndiye anayesimama kwenye sehemu ya kukanyagia. Na mkivuka Kigamboni kwa pantoni siku yoyote, atoke kigarini kabisa, ashikwe mkono. Mtoto aliyefungwa kwenye chuma hapaswi kuwa karibu na maji.

Coco nadhani hukuhitaji hata kuniuliza, kwa sababu kwenye mchanga kigari hakiendi. Kiache kwenye gari. Mvue viatu. Nusu saa ya kukimbia mchangani inafanyia nyayo na vifundo vya miguu kazi kubwa kuliko mall nzima.

Kuna jambo moja naliomba kwa wasomaji wengine, siyo kwako. Mkiona mtoto mkubwa kwenye kigari, msimwambie chochote. Wapo akina mama wa jiji hili wanaosukuma mtoto wa miaka sita au saba mwenye mtindio wa ubongo kwenye kigari cha kawaida kwa sababu kiti mwendo cha saizi yake bado hawajakipata. Wapo wenye watoto wenye usonji ambao wakiachwa mkono sekunde mbili wanaingia barabarani. Mama mmoja aliniambia aliacha kwenda ufukweni miaka miwili kwa sababu ya sentensi moja ya mtu asiyemjua: "Mshushe huyo, ana miguu." Mtoto wake alikuwa na miguu, ila haikuweza kumbeba. Na kama mama huyo ni wewe unayesoma, kigari cha kawaida hakishikilii vizuri kiuno na mgongo wa mtoto wako. Fika hospitali ya CCBRT pale Msasani au idara ya fiziotherapia ya hospitali ya rufaa iliyo karibu nawe wakupimie kiti kinachomfaa.

Mwisho, mama mkwe. Usibishane naye, na usimfiche kigari. Anampenda mjukuu na ana hoja nusu. Mwalike Sabasaba. Asubuhi getini mpe mkono wa binti, mwambie, "Mama, leo huyu ni wako, atembee na wewe." Wewe sukuma kigari kitupu nyuma yao, mdogo mgongoni. Wakitembea kwa mwendo wa bibi, binti atafika mbali kuliko alivyowahi kufika na wewe. Saa 6 ikikaribia, bibi mwenyewe atatafuta pa kukaa. Hapo fungueni mbeleko mtandike mkeka, mdogo atambae, bibi apate maji, na binti apande kigari alale.

Majibu ya kipimo cha damu ukiyapata, niandikie namba yake. Ikiwa chini ya 11, usianze dawa za kununua dukani. Rudi kwa daktari aliyempima.